Karakana ya uani na vumbi la plastiki: vakyumu au mashine ya mifuko?

Msomaji wa Tabata ameandika hivi:

"Shikamoo fundi. Nina CNC ndogo, mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, yenye meza ya sentimita 60 kwa 90 na spindo (mota inayozungusha biti) ya kilowati 1.5. Nimeiweka kwenye chumba cha uani chenye mita 3 kwa 4. Nakata akriliki na bodi za PVC kwa ajili ya vibao na herufi za maduka, mara chache HDPE ya mbao za kukatia nyama, na siku moja moja Alucobond. Vumbi limefika mpaka sebuleni, na dirisha la chumba cha watoto linatazama uani. Mmoja ananishauri ninunue mashine ya mifuko ya hp 2 kama ya maseremala. Mwingine anasema vakyumu ya kwenye kuosha magari inatosha. Fedha niliyonayo ni ya kununua kimoja tu. Nichukue kipi? Na watoto niwahamishe chumba?"

Marahaba, ndugu yangu. Chukua vakyumu. Lakini isiwe vakyumu yoyote tu, na usiiache ifanye kazi peke yake: mbele yake iwepo saikloni (chombo cha kutenga maranda kabla hayajafika kwenye vakyumu), ndani yake filta ya HEPA, ile inayokamata unga laini, na kwenye spindo ufunge brashi ya kuzunguka biti. Mashine ya mifuko iache kwa sasa. Nitakueleza sababu kwa kirefu, maana pesa ya kimoja ikienda kwenye kifaa kisichofaa, utaendelea kuvuta hilo vumbi mpaka upate nyingine.

Kwanza tenganisha maranda na unga. Maranda ni yale unayoyaona yakirukia sakafuni. Yanaudhi, yanajaza reli za mashine, ila hayaingii kwenye mapafu. Unga ndio wenye madhara, hasa ule wa chini ya mikroni 10 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Chembe ya mikroni 100 huanguka chini kwa sekunde chache. Ya mikroni 10, kwenye chumba kisicho na upepo, huchukua kama dakika 8 kushuka kutoka usawa wa pua yako mpaka sakafuni. Ya mikroni 1 huchukua karibu saa 12. Ndiyo maana unafagia jioni, unaona pamesafika, na asubuhi kioo cha televisheni sebuleni kina utando mweupe.

Nimesikia mafundi wengi wakisema plastiki haina neno kwa kuwa mwili hauichukui. Si kweli. Mwaka 1998 madaktari wa Marekani walieleza ugonjwa wa mapafu uliowapata wafanyakazi wa viwanda vinavyokata nyuzi fupi za nailoni, na vumbi la PVC nalo linajulikana kwa muda mrefu kuwa linaweza kuacha makovu kwenye mapafu ya wanaolivuta miaka mingi. Wewe hufikii kiwango cha kiwandani. Lakini kiwanda kina dari ya juu na watu hurudi kwao jioni. Karakana yako imepakana na jiko na kitanda.

Kabla ya kununua chochote, angalia biti yako. Nusu ya tatizo hili hutatuliwa hapo, kwa gharama ndogo kuliko zote. Biti butu, au biti ya mbao yenye meno mawili au matatu, haikati plastiki bali huisaga, na kusaga ndiko kunakozaa unga. Tumia biti ya jino moja ya plastiki, yenye ukingo mkali, na uipe mwendo. Kwa biti ya milimita 6 inayozunguka mara 18,000 kwa dakika, ukitaka kila mzunguko ule milimita 0.15, mwendo wa meza unatakiwa uwe milimita 2,700 kwa dakika. Wengi huenda na 800 wakiogopa kuvunja biti. Matokeo yake jino linasugua palepale, akriliki inapata joto, na ikivuka nyuzi joto 100 hivi inaanza kulainika na kugandia kwenye biti. Kama mashine yako haina nguvu ya kwenda 2,700, punguza mizunguko ya spindo na punguza kina cha kila mpito wa biti, usipunguze mwendo peke yake. Ukipatia utaona maranda makubwa yanayofanana kwa umbo, na unga utapungua mpaka ushangae.

Brashi ya kuzunguka biti ni kitu cha pili, na hii usiiruke. Kinachoamua usafi wa hewa ni umbali kati ya mdomo wa bomba na mahali biti inapogusa. Nguvu ya kuvuta hupotea haraka mno: ukisogeza mdomo wa bomba mbali kiasi cha upana wake mmoja tu, kasi ya hewa pale ulipokuwa inabaki kama sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo mtu anayeshika mpira wa vakyumu sentimita 10 kutoka kwenye biti anakusanya maranda, ila unga umeshaondoka na upepo wa spindo. Brashi inayogusa ubao pande zote hulifunga hilo eneo. Unaweza kuikata mwenyewe kwenye akriliki ya milimita 8 ukatumia brashi ya utepe, ile inayowekwa chini ya milango. Fanya ishikwe kwa sumaku ili ubadilishe biti bila kufungua skrubu.

Sasa mashine zenyewe. Kunyonya kuna sifa mbili ambazo wauzaji huzichanganya: wingi wa hewa inayopita, na nguvu ya kuilazimisha hewa hiyo ipite penye njia nyembamba. Mashine ya mifuko ina feni kubwa. Kwenye karatasi yake utasoma mita za ujazo 1,000 hadi 2,000 kwa saa, lakini nguvu yake ya kuvuta ni kama kilopaskali 2 hadi 2.5 tu. Vakyumu ni kinyume chake. Hewa yake ni mita za ujazo 150 hivi kwa saa, pengine 200, lakini huvuta kwa kilopaskali 20 na kuendelea. Ukiilazimisha mashine ya mifuko ivute kupitia mpira wa milimita 40 unaoingia kwenye brashi ya CNC yako, feni itazunguka, kelele utaisikia, na hewa haitakuja. Iliumbwa kwa ajili ya randa na msumeno wa meza, penye mdomo wa milimita 100 na mapande ya kujaza gunia.

Kuna kasoro nyingine ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi. Mifuko ya kitambaa inayokuja na nyingi ya mashine hizi huzuia chembe za mikroni 30 hivi. Zilizo ndogo hupenya. Yaani mashine inakuondolea maranda sakafuni, halafu inachukua unga ule unaodhuru na kuupuliza tena chumbani kupitia kitambaa, mita mbili kutoka kwenye pua yako. Fundi anafurahi kwa sababu sakafu ni safi. Maseremala wengi hufanya kazi kwenye mabanda yaliyo wazi na upepo huwasaidia kidogo. Chumba chako cha mita 3 kwa 4 hakina upepo huo. Siku ukinunua msumeno wa meza, njoo tena tuzungumze habari ya mashine ya mifuko, na tutaanza na kuitoa ile mifuko na kuweka filta ya mikunjo ya mikroni 1.

Tuje kwenye upana wa bomba, maana hapa watu hupoteza kila walichonunua. Ili unga na maranda yasafiri bila kulala njiani, hewa ndani ya bomba inatakiwa ikimbie karibu mita 20 kwa sekunde. Hewa ya vakyumu, tuseme mita za ujazo 150 kwa saa, ikipita kwenye bomba la milimita 38 hukimbia karibu mita 37 kwa sekunde. Kwenye la milimita 50, mita 21. Kwenye la 63, mita 13. Kwenye bomba la maji taka la inchi 4, mita 5 tu, na maranda yako yatabaki humo mpaka yazibe. Kwa kazi yako chukua 50 kwa sehemu ndefu na 38 kwenye mita ya mwisho inayotembea na spindo. Sehemu isiyotembea tumia bomba laini ndani, si mpira wa mikunjo, kwa kuwa mikunjo hula nguvu nyingi ya kuvuta. Penye kona tumia viungo viwili vya nyuzi 45 badala ya kimoja cha nyuzi 90.

Kwenye vakyumu yenyewe, vakyumu ya ndani ya nyumba, ile ya mazulia, usiiguse. Mota yake hupozwa na hewa ileile inayonyonya vumbi, hivyo filta ikianza kuziba mota inaungua. Zile za kavu na maji, ambazo rafiki yako anaziita za kuosha magari, kwa kawaida mota yake ina njia yake ya hewa ya kujipoza. Hapo ana hoja. Tatizo lake ni filta. Hutoka na mfuko wa kitambaa uliotengenezwa kwa ajili ya mchanga na maji ya zulia la gari, na unga wa akriliki hupita humo moja kwa moja. Kwa hiyo, dukani Kariakoo, swali la kwanza lisiwe ina wati ngapi. Uliza kama ina filta ya mikunjo ya HEPA inayoingia kwenye modeli hiyo, na kama filta ya akiba inapatikana. HEPA ya daraja la H13 huzuia asilimia 99.95 ya hata zile chembe ngumu kuliko zote kukamata. Ukikuta mashine imeandikwa daraja la M kwa viwango vya Ulaya, hiyo inaruhusu chini ya asilimia 0.1 kupenya, nayo inakufaa. Kisha ifungue hapohapo uangalie mpira wa kuzibia kati ya filta na kichwa cha mashine. Filta nzuri iliyokaa ovyo haina kazi, hewa itapita pembeni.

Jambo jingine la kuuliza ni makaa ya mota, yale yanayopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Kazi yako ya herufi inaweza kuendesha vakyumu saa 2 au 3 mfululizo, na mota za aina hii huisha makaa. Chagua ambayo makaa hubadilishwa bila kuvunja kitu, na ambayo mafundi wa kusuka mota pale Gerezani wameshaizoea. Wati 1,200 hadi 1,400 zinatosha kabisa. Na ukishaifanya ya vumbi kavu, usiikopeshe kwa jirani aoshee gari. Filta ikilowa kisha ikakaa na joto letu hili, itaota ukungu.

Saikloni unaiweka kati ya brashi na vakyumu. Hewa inazungushwa, maranda na sehemu kubwa ya unga vinatupwa pembeni na kuangukia kwenye pipa la chini, na kinachofika kwenye HEPA ni kidogo sana. Bila hiyo, kukata bodi moja ya PVC kunatosha kuziba filta, nguvu ya kuvuta ikashuka katikati ya kazi na wewe usijue. Usitumie ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kuta laini, maana siku bomba likiziba vakyumu itaifinya ijikunje. Tafuta pipa dogo la chuma lenye mfuniko wa kubana. Chuma kina faida nyingine pia, nayo inahusu umeme tuli.

Plastiki ikisuguana na bomba la plastiki huzaa chaji. Utaiona kwa maranda kung'ang'ania kwenye kuta za saikloni, utaisikia kwa mshtuko mkononi, na mara nyingine itaivuruga kompyuta ya CNC ikasimama katikati ya herufi. Unyevunyevu wa Dar unatusaidia, hasa wakati wa masika, lakini kama umeweka kiyoyozi hewa ya chumba hukauka na tatizo hurudi. Nunua mpira mweusi unaopitisha umeme, au ule wenye waya wa chuma ndani ya mikunjo, chuna ncha zake mbili uziunge kwenye pipa la chuma na fremu ya CNC, kisha vyote viende kwenye ethi. Hapa nakusihi umwite fundi umeme apime kwanza. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi ya pini tatu na ethi yake haijafika popote ardhini. Na kamwe usiunge kwenye nyutro.

Wakati fundi yupo, mwambie atenganishe soketi. Vakyumu ya wati 1,400 kwa volti 230 inakula ampea 6, spindo nayo ina yake. Usivichomeke vyote kwenye ekstensheni moja iliyo pia na feni na kompyuta.

Hiyo feni ndiyo nataka tuizungumzie sasa. Najua joto la Januari chini ya bati. Lakini feni inayokupuliza wewe inapuliza pia kila unga unaotoka kwenye brashi, na kuusambaza mpaka sebuleni. Badala yake weka feni ya kutoa hewa ukutani, upande wa mashine, na uingize hewa safi kutoka upande wako. Hapa tuna nafasi ambayo wenzetu wa nchi za baridi hawana: wao wakitoa hewa nje wanapoteza joto walilolilipia, sisi hatupotezi kitu. Chumba chako kina mita za ujazo 32 hivi, kwa hiyo feni ya mita za ujazo 300 kwa saa itabadilisha hewa yote karibu mara 9 kila saa. Hata moshi wa vakyumu, yaani hewa inayotoka nyuma yake, ipelekee nje kwa bomba kama inawezekana. Lakini iwe imeshapita kwenye HEPA. Usitoe unga mbichi nje ukaangukia kwenye nguo za jirani au ukaingia kwenye mfereji. Mifereji yetu ya Tabata inakwenda mto Msimbazi, na Msimbazi unakwenda baharini.

Sababu ya pili ya feni ya ukutani ni harufu. HEPA hukamata chembe, haikamati gesi. PVC ikiungua kwa biti butu hutoa gesi ya haidrojeni kloridi inayochoma koo na kutia kutu reli zako. Asetali, ile wengine wanaiita Delrin, hutoa fomaldehidi. Ukisikia harufu kali simamisha mashine, ubadilishe biti. Na mtu akikushawishi ukate PVC kwa leza, kataa kabisa.

HDPE ina tabia zake. Ikikatwa vizuri haitoi unga mwingi, hutoa nyuzi ndefu zinazojisokota kwenye spindo na kuziba shingo ya saikloni. Siku hiyo inua brashi kidogo, tumia mpira wa 50 mpaka mwisho, na usiondoke chumbani. Alucobond ni alumini juu na chini, plastiki katikati, na maranda yake yakichanganyika na mengine hayauziki tena, kwa hiyo toa pipa kabla na baada. Ila usinyonye cheche za grainda kwa vakyumu hii hata siku moja. Unga wa plastiki unashika moto, na cheche ikitua ndani ya filta inaweza kukaa ikifukuta mpaka umeshafunga mlango na kwenda kulala. Pipa limwage kila jioni.

Kumalizia kingo za akriliki, acha msasa mkavu. Tumia msasa wa maji na ndoo ya maji pembeni. Msasa mkavu hutoa unga laini kuliko kazi yote ya CNC, na brashi yako haipo pale kuukamata. Kompresa ya kupulizia meza nayo iache, nyonya kwa mpira. Wakati wa kumwaga pipa na kusafisha filta, vaa barakoa ya N95 au FFP2 inayoshika usoni. Ya kitambaa haizuii unga huu. Filta igonge taratibu ndani ya mfuko ukiwa nje, usiipulize kwa kompresa, maana upepo huo unapasua karatasi yake na tundu lenyewe hulioni.

Maranda yatenge kwa aina: HDPE safi peke yake, akriliki peke yake. Wanunuzi wa plastiki chakavu hawataki mchanganyiko. PVC usiichome uani hata kidogo, moshi wake una sumu, na hapo ndipo watoto wanapocheza.

Ukitaka kujua kama umefaulu, fanya kazi usiku, zima taa, na washa tochi yenye mwanga mkali ukiielekeza pembeni ya brashi wakati biti inakata. Unga unaotoroka utauona waziwazi ndani ya mwanga. Rekebisha urefu wa brashi mpaka upungue. Jirani akilalamikia kelele, fanya jaribio hilo mapema jioni.

Kuhusu watoto: usiwahamishe chumba, hamisha njia ya hewa. Feni ya kutolea hewa ikae kwenye ukuta usiotazama dirisha lao, na kumbuka kwamba wakati wa kusi upepo unatoka kusini-mashariki, wakati wa kaskazi unatoka kaskazini-mashariki, hivyo angalia moshi wa jiko lako unaelekea wapi kabla ya kutoboa ukuta. Mpaka vifaa vifike, dirisha lao lifungwe unapokata, na lifunguliwe asubuhi kabla hujawasha mashine. Weka ovaroli ya kazini na kandambili zake, vyote vibaki karakanani. Shuka na mapazia ya chumba chao yafuliwe sasa, na sakafu ipigwe deki kwa maji, isifagiliwe, kwa kuwa ufagio mkavu utaurudisha hewani ule unga ulioshatua.

Kama fedha haitoshi kwa vyote mara moja, nunua kwa mpangilio huu: biti ya jino moja na brashi wiki hii, kisha vakyumu yenye HEPA pamoja na mpira wenye ethi, saikloni na pipa la chuma baada ya hapo. Feni ya ukutani unaweza kuitanguliza wakati wowote ukipata fundi wa kutoboa.